Tetemeko ni la ardhi, maafa ni ya jamii

Dhana: Matetemeko na mafuriko ni mada ya jiografia. Sosholojia, yaani elimu ya jamii, ingoje kuhesabu hasara.

Ukweli: Jiografia inaeleza kwa nini ardhi ilitikisika. Haielezi kwa nini nyumba hii iliporomoka na ile ikabaki imesimama. Ninapofundisha somo hili, mimi huanza na mwaka 2010. Januari, Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, serikali yake ilitaja vifo zaidi ya 300,000, na hata wanaopinga hesabu hiyo wanataja makumi ya maelfu. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nishati kubwa zaidi mara 500 hivi. Walikufa watu 500 na ushei.

Mwanafunzi makini atapinga: la Haiti lilitokea jirani na mji mkuu, Port-au-Prince, tena si mbali na uso wa ardhi. Ni kweli, na mwalimu asimzime. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizosimamiwa kwa miongo mingi, na Haiti haikuwa nazo. Kwa nini? Hapo somo linafika mwaka 1825, Ufaransa ilipoidai Haiti fidia ya faranga milioni 150 ili iutambue uhuru wake. Watu waliojikomboa utumwani walitozwa kwa kujikomboa, na vizazi vikalipa. Hata kipindi kizima kikiishia hapo, si hasara.

Dhana: Maafa hayachagui.

Ukweli: Julai 1995, joto kali jijini Chicago, Marekani, lilisababisha vifo 700 na zaidi, wengi wao wazee waliokuwa peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili iliyopakana, yote yenye umaskini na wazee wengi. Penye maduka na barabara zenye watu, wazee walitoka nje na vifo vikawa vichache. Penye majengo matupu na hofu ya kutoka, walijifungia na kufa kwa wingi.

Dhana: Kutaja sababu za kijamii ni kuwalaumu waathirika.

Ukweli: Ni kinyume chake, na dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kimbunga Katrina kilipoukaribia mji wa New Orleans, Marekani, mwaka 2005, wakazi waliamriwa kuhama, na mpango ulitegemea sana magari binafsi. Maelfu hawakuwa nayo. Wengi walioitwa wakaidi kwa kubaki walikuwa watu wasio na usafiri, na kuta za kuzuia maji zilizobomoka hawakuzijenga wao.