Povu la Asidi Halipimi Uyeyukaji wa Jiwe

Wateja wengi wanaoleta sampuli za mawe kwenye maabara yetu hapa Dar es Salaam huwa wamekwisha kuzipima wenyewe kabla ya kufika. Wamezikamulia ndimu, wamezimwagia siki, au wamezidondoshea asidi ya betri waliyopewa na fundi wa magari, na hukumu yao ni ileile: jiwe lililotoa povu linayeyuka, lisilotoa povu haliguswi na kitu. Kwa kipimo hicho mtu huchagua jiwe la kaunta ya jikoni, na mwingine huamua kwamba maji ya kisima chake hayatakuwa na madini. Dhana hii imenichosha kuliko zote.

Povu linaeleza jambo moja tu, nalo ni kwamba ndani ya jiwe kuna kaboneti, na asidi imeivunja ikatoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Madini yasiyo na kaboneti hayana gesi hiyo ya kutoa, hata yakiyeyuka yote yakaisha. Jasi, ambayo ndiyo malighafi ya dari za jipsamu, ni mfano wa kutosha. Lita moja ya maji ya kawaida, bila tone la asidi, huweza kubeba zaidi ya gramu 2 za jasi, ilhali maji safi yasiyo na kaboni dayoksaidi hubeba miligramu 14 hivi tu za kalisaiti, madini makuu ya mawe ya chokaa. Kwa maneno mengine, madini yanayokaa kimya chini ya ndimu huyeyuka katika maji zaidi ya mara 100 kuliko yale yanayotoa povu. Nefelini, madini mengine yasiyo na kaboneti, nayo huliwa na asidi hidrokloriki bila povu lolote, ikaacha utelezi mzito wa silika, kiambato kikuu cha mchanga wa kawaida, juu ya jiwe.

Hata miongoni mwa kaboneti zenyewe, povu hudanganya. Dondosha asidi hidrokloriki baridi ya asilimia 10 juu ya dolomaiti, kaboneti ya kalsiamu na magnesiamu, kisha itazame kwa lenzi: utaona viputo vichache vikijikusanya kwenye nyufa, na pengine usione hata hivyo. Kwaruza mahali palepale kwa ncha ya kisu hadi upate unga, dondosha tena, na unga utachemka mbele ya macho yako. Madini hayakubadilika wala asidi haikubadilika. Kilichoongezeka ni eneo ambalo asidi inaligusa. Ndiyo maana humwambia kila mteja, na nitaendelea kumwambia, kwamba akwaruze kwanza.

Asidi ya betri haifai kabisa kwa kazi hii. Ni asidi sulfuriki, na inapogusa kalisaiti hutoa povu kwa muda mfupi kisha hutulia, kwa sababu kalsiamu inayotoka huungana na sulfeti ikawa jasi, tena kwa wingi kuliko tone lile linavyoweza kubeba, hivyo jasi hutanda juu ya jiwe na kulikinga. Mteja akiona povu limekoma, husema jiwe lake ni gumu na haliliwi na asidi, kumbe ni chokaa tupu. Kosa la upande wa pili ni la mtu anayeona povu kwenye kigae cha granaiti na kudai ameuziwa bandia, ilhali tone limeangukia saruji iliyogandia mgongoni.

Feldispa, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya granaiti, huyeyuka polepole mno na bila povu, kwani maji yenye asidi kidogo huichukulia sodiamu, potasiamu na sehemu ya silika, yakaacha udongo mweupe wa kaolini. Anayetaka ushahidi aende milima ya Pugu, ambako kaolini hiyo, iliyo mabaki ya feldispa, imejaa katikati ya chembe za kwatzi, madini magumu ya silika, ambazo maji hayakuziweza.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu.

Si kweli kwamba mvua safi haina asidi. Hata pasipo moshi wa viwanda, kaboni dayoksaidi ya hewani huishusha pH ya mvua (kipimo cha uasidi, ambapo chini ya 7 ni asidi) hadi karibu 5.6, na maji yakipita kwenye udongo wenye mizizi huongezewa gesi hiyo. Maji ya namna hiyo ndiyo yaliyochonga mapango ya Amboni kule Tanga.

Si kweli kwamba maji ya moto huyeyusha zaidi kila madini. Kalisaiti hupungua kuyeyuka joto linapopanda, na kuchemsha hufukuza kaboni dayoksaidi iliyokuwa ikiishikilia, ndipo utando mweupe hujijenga ndani ya birika. Anayechemsha maji ya kisima ili kuondoa ladha ya chumvi anapoteza gesi yake ya kupikia, kwa kuwa mvuke huondoka na chumvi hubaki.

Si kweli pia kwamba kwatzi haiyeyuki hata chembe, kwani katika nyuzijoto 25 lita ya maji hubeba miligramu chache. Asidi hidrokloriki haiongezi kitu hapo. Asidi hidrofloriki ndiyo huila, lakini hiyo hupenya ngozi hadi mfupani, na sitaki kusikia mtu anaitafuta madukani.

Wenye viwanja vya ufukweni Msasani huniuliza kama bahari inayeyusha majabali ya matumbawe yaliyoliwa kwa chini. Maji ya juu ya bahari zetu za joto yamekwisha kushiba kalisaiti kupita kiasi, kwa hiyo uyeyukaji si sababu kubwa. Wanaokula jabali ni konokono wanaolikwangua wakitafuta mwani na sponji wanaolitoboa, kisha mawimbi humalizia. Anayetaka kupima pH ya bahari ili ajue jabali lililo chini ya uzio wake litadumu muda gani aanze kwa kuwahesabu konokono maji yanapokupwa.