Bwawa la Gariep Halimwagi Maji kwa Ratiba ya Mgeni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza wageni kutoka Afrika Mashariki katika nyanda za majani za kusini mwa jimbo la Free State, Afrika Kusini, na gari halijaiacha barabara kuu ya N1 swali limekwisha kuulizwa: "Leo maji yanamwagika?" Wapo wanaoamini kwamba ukuta wa bwawa la Gariep humwaga maji kila siku kama maporomoko, na wapo ambao, wakiona wingu zito juu ya mji wa Colesberg, hunisihi tulale hapo kwa sababu mvua ya usiku italifurisha bwawa kabla ya asubuhi.

Mvua ya hapa hailijazi bwawa hilo. Mto Orange, ambao bwawa limejengwa juu yake, huanzia katika milima ya Lesotho, ambako huitwa Senqu, na huko ndiko inakotoka sehemu kubwa ya maji yake. Mvua za radi zinazotulowesha sisi huongeza kidogo tu katika hifadhi yenye uwezo wa zaidi ya mita za ujazo bilioni 5. Tena bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1971, halikujengwa ili limwage. Maji hupita katika mitambo minne ya kufua umeme, yenye jumla ya megawati 360, na mengine huingia katika handaki la chini ya ardhi la kilomita 82.8, lililofunguliwa mwaka 1975, ambalo huyapeleka hadi bonde la mto Great Fish kwa ajili ya mashamba na miji ya jimbo la Eastern Cape. Yakimwagika, maana yake bwawa limejaa na hayana pengine pa kwenda, kama ilivyokuwa mapema mwaka 2021. Niliwahi kumtazama mgeni akisimama nusu saa, simu ameiinua, akiulenga ukuta mkavu wa zege wenye urefu wa mita 88 kwenda juu, kisha akaniuliza kwa upole kama tumekosea siku. Hatukukosea siku, tulikosea mahali. Anayetaka kulielewa bwawa hili aende Oviston, mji mdogo ulio kwenye mdomo wa handaki, ambao jina lake limeunganishwa kutokana na maneno ya Kiafrikaans yenye maana ya Orange, Fish na handaki. Mimi hulisema hili kila safari, na kila safari huulizwa kama huko kuna simba.

Simba hawazururi huku. Mnyama wa nyanda hizi ni swala mdogo aitwaye springbok, pamoja na nyumbu weusi. Rangi ya maji, inayofanana na chai ya maziwa, haitokani na uchafu wa viwanda bali na tope laini ambalo mto hulibeba. Dawa za malaria ziacheni nyumbani, kwa kuwa ugonjwa huo hauambukizwi katika eneo hili.

Baridi, hata hivyo, msiidharau. Mwezi Julai, wengi wanapopata likizo, tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu na anga halina wingu la kuzuia joto la mchana lisipotee, kwa hiyo usiku umande huganda juu ya majani. Sweta moja ya kipupwe cha Mombasa haitoshi. Na kwa kuwa maduka mengi ya miji midogo ya Bethulie na Philippolis hufungwa Jumamosi mchana, koti linunuliwe Bloemfontein, kabla hatujaondoka.