Je, wajua kwa nini Linux huikana Java uliyoisakinisha sasa hivi?

Umepakua JDK, ile seti ya zana za kuandikia programu za Java, ukaifungua ndani ya `/opt`, na mafaili yote unayaona. Unaandika `java -version` kwenye terminali ukitarajia namba ya toleo. Unajibiwa hivi:

`bash: java: command not found`

Wengi wakiona hivyo huelewa kwamba Java haipo, wakaanza kusakinisha upya. Lakini hebu tazama neno la kwanza kwenye mstari huo. Aliyejibu si Java, wala si Linux nzima. Ni bash, programu inayopokea amri unazoandika. Nayo haikupekua diski yako. Imechungulia kwenye folda chache ilizoagizwa kuchungulia, haikukuta faili liitwalo `java`, ikaishia hapo.

Swali la kwanza la kujiuliza kwenye hitilafu za namna hii, basi, ni hili: anayelalamika ni nani? Kati ya wewe kubonyeza Enter na programu yako kuanza kazi, shughuli hupitia mikono mitatu: bash, kisha kerneli (kiini cha Linux kinachoanzisha programu), kisha mashine ya Java yenyewe, ile inayoendesha programu za Java. Kila mmoja ana malalamiko yake, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake.

Bash hutafuta wapi?

Orodha ya folda za kutafutia amri imehifadhiwa kwenye kigeu cha mazingira (jina lenye thamani ambayo programu huisoma) kiitwacho PATH. Andika `echo $PATH` utaiona, folda moja baada ya nyingine zikitenganishwa kwa nukta mbili:

`/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin`

Bash huanza kushoto kwenda kulia, na faili la kwanza linalolingana jina ndilo linaloendeshwa. Haiingii kwenye folda zilizo ndani ya hizo. Hata folda uliyomo haitazami, ndiyo maana programu iliyo hapo ulipo huitwa kwa `./` mbele yake. Hilo ni la makusudi: kama folda uliyomo ingekuwa ya kwanza kutazamwa, mtu angeweza kuacha faili baya liitwalo `ls`, jina la amri ya kuorodhesha mafaili, kwenye folda mnayotumia pamoja, nawe ungeliendesha bila kujua.

JDK yako iko `/opt/jdk-21/bin`. Folda hiyo haimo kwenye orodha. Basi.

Sasa hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Ukisakinisha kwenye Ubuntu au Debian kwa `sudo apt install openjdk-21-jdk` (`sudo` hukupa mamlaka ya msimamizi, `apt` ndiyo zana ya kusakinisha vifurushi), mafaili huwekwa `/usr/lib/jvm`, na folda hiyo nayo haimo kwenye PATH. Mbona basi amri inakubali? Jaribu `ls -l /usr/bin/java`. Utakuta kwamba hilo si faili halisi bali ni kiungo kinachokupeleka `/etc/alternatives/java`, na hicho nacho ni kiungo kinachokupeleka kwenye Java yenyewe huko `/usr/lib/jvm`. Ukitaka kuruka hatua zote na kuona mwisho wa safari, tumia `readlink -f /usr/bin/java`.

Utaratibu huo wa viungo viwili ulianzia Debian, na lengo lake ni kuruhusu matoleo kadhaa ya programu moja yakae pamoja bila kugombania jina. Unachagua lipi lishike jina kwa `sudo update-alternatives --config java`. Angalizo ambalo maelekezo mengi hulisahau: `java` na `javac` (kompaila, inayougeuza msimbo kuwa faili la kuendeshwa na Java) huchaguliwa kila moja peke yake. Ukibadilisha ya kwanza ukaiacha ya pili, unaweza kukompaili kwa toleo la 21 na kuendesha kwa la 17, na matokeo yake tutayaona mbele.

Matoleo hayo yanatoka wapi mengi hivyo? Java ilitangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995, na kwa miaka mingi toleo jipya lilikuwa tukio la nadra. Mwishoni mwa 2006 Sun ilianza kuufungua msimbo wake kwa leseni ya GPL, ya programu huria, ndipo ukazaliwa mradi wa OpenJDK, na mwaka 2010 Oracle ikainunua Sun. Tangu 2018 toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita. Machache, kama 8, 11, 17 na 21, hutunzwa kwa miaka mingi zaidi, nayo ndiyo yanayotumika sana kazini. Juu ya hayo, msimbo uleule wa OpenJDK hutolewa na watu tofauti kwa majina tofauti: Temurin, Corretto, Zulu. Kwa hiyo kukuta Java tatu kwenye mashine moja ni kawaida kabisa, na Ubuntu huchangia. Amri isipopatikana, yenyewe hukupendekezea kifurushi cha kusakinisha kwa apt. Mtu mwenye JDK tayari ndani ya `/opt` hufuata pendekezo hilo, na sasa ana mbili.

Maoni yangu: kama huna sababu mahususi ya kupakua mwenyewe, chukua kifurushi cha mfumo wako na uache apt ihangaike na viungo.

Ukiamua kuiweka kwa mkono

Mstari unaohitajika ni mmoja:

`export PATH="/opt/jdk-21/bin:$PATH"`

Ile `:$PATH` ya mwisho ndiyo inayobakiza orodha ya zamani. Mtu akiisahau, orodha nzima hufutika na kubaki folda moja tu. Ghafla `ls` haipo, `nano` haipo, `sudo` haipo, na inaonekana kama mfumo wote umekufa. Haujafa. `cd` na `echo` bado zinafanya kazi kwa sababu zimo ndani ya bash yenyewe, hazitafutwi popote. Andika `export PATH=/usr/bin:/bin`, amri zitarudi, kisha fungua faili ulilokosea na urekebishe.

Mstari huo ukiuandika kwenye terminali tu, utapotea ukifunga dirisha. Sababu ni kwamba vigeu vya mazingira havikai kwenye mfumo kwa ujumla. Kila programu ina nakala yake, iliyoirithi kwa programu iliyoizaa wakati wa kuzaliwa. Mtoto hupewa nakala, na akiibadilisha, ya mzazi haiguswi. Ukilielewa hilo, mafumbo mengi hufumbuka yenyewe. Umeandika skripti yenye `export PATH` ukaiendesha, na hakuna kilichobadilika? Skripti iliendeshwa na bash mtoto, ikabadilisha nakala yake, ikafa nayo. Ilipaswa kusomwa kwa `source`. Umeweka mstari kwenye `~/.bashrc`, faili ambalo bash hulisoma kila ufunguapo terminali, nayo terminali inaiona Java lakini programu ya kuandikia msimbo uliyoifungua kwa kubofya ikoni haiioni? Ikoni haikuzaliwa na terminali, kwa hiyo `~/.bashrc` haikuihusu. Weka mstari kwenye `~/.profile`, linalosomwa unapoingia kwenye mfumo, utoke na kuingia upya. Inakubali ukiwa mwenyewe lakini kwa `sudo` inakataa? Mara nyingi `sudo` huitupa PATH yako na kutumia iliyoandikwa kwenye mipangilio yake, kwa usalama. Kazi za cron, zinazojiendesha kwa ratiba, nazo huanza na PATH fupi mno, kwa hiyo humo ni heri kuandika njia kamili ya faili.

Kuna mtego mwingine mdogo unaochosha. Umeondoa Java ya zamani iliyokuwa `/usr/bin`, mpya iko `/usr/local/bin`, `which java` inaonyesha ile mpya, lakini bash inang'ang'ania kwamba `/usr/bin/java` haipo. Kumbe bash hukumbuka mahali ilipokuta amri mara ya mwisho ili isitafute tena. Iulize `type java`, itakiri. Ifute kumbukumbu kwa `hash -r`, yakaisha.

Java ipo, javac haipo

Hapa wa kulaumiwa ni jina la kifurushi. Kifurushi chenye `jre` kina uwezo wa kuendesha programu tu. Chenye `jdk` kina kompaila pia. Kwenye familia ya Red Hat majina hudanganya zaidi, maana `java-17-openjdk` pekee haina `javac`, unahitaji kile kinachoishia na `-devel`. Na kile chenye neno `headless` kimepunguzwa sehemu za michoro: kinafaa seva, lakini programu yenye madirisha itaangukia `HeadlessException`.

Ndugu wa tatizo hili ni JAVA_HOME. Amri ya `java` yenyewe haikihitaji kigeu hicho, hujua ilipo na kuyakuta mafaili yake. Wanaokitazama ni zana kama Maven, Gradle na Tomcat. Ndiyo maana `java -version` inaweza kusema 21 na `mvn -version` ikasema 17 kwenye dirisha hilohilo, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Kigeu hicho kinapaswa kuelekeza kwenye folda iliyobeba `bin`, si kwenye `bin` yenyewe.

Kerneli inapokataa

Faili likishapatikana, bash hulikabidhi kwa kerneli. Kerneli ikikataa, bash ndiyo hukusomea jibu, kwa hiyo jina lake bado litakuwa mwanzoni mwa mstari. `Permission denied` maana yake faili halina ruhusa ya kuendeshwa, au diski liliko imefungwa isiendeshe programu. `Exec format error` maana yake umepakua Java ya prosesa nyingine. Linganisha `uname -m` na kilichoandikwa kwenye jina la faili ulilopakua: x86_64 na aarch64 haziingiliani.

Lakini ujumbe unaotesa watu kuliko yote ni huu: faili lipo, `ls` inalionyesha, ruhusa zake ni sawa, ukiliendesha unaambiwa `No such file or directory`. Ni kweli kuna faili lililokosekana, ila si hilo. Programu nyingi za Linux hubeba ndani yake jina la msaidizi anayezipakia kwenye kumbukumbu pamoja na maktaba zake. Kwa programu za kawaida za biti 64 kwenye x86 huyo ni `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`. Kerneli ikimkosa, hurudisha jibu lilelile la faili kutokuwepo, bila kutaja ni lipi. Utakutana nalo ukijaribu Java ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 mtupu, au ukiweka JDK ya kawaida kwenye Alpine Linux, ambayo hutumia maktaba ya musl badala ya glibc. Amri `file` ikipewa njia ya faili la Java itakutajia jina la msaidizi anayetafutwa. Matoleo mapya ya bash yamesahihisha lugha kidogo, husema `required file not found`, na hilo limeokoa saa nyingi za watu.

Java yenyewe inapozungumza

Ukiona maandishi marefu yenye `Exception` au `Error`, shukuru: bash na kerneli wameshamaliza kazi, usakinishaji umefaulu, sasa ni Java inayosema. Maarufu zaidi ni `UnsupportedClassVersionError`, inayolalamika kwamba faili lina toleo 65.0 wakati yenyewe inajua mwisho 61.0. Namba hizo si matoleo ya Java unayoyajua. Toa 44: 65 ni Java 21, na 61 ni Java 17. Ni yale matokeo ya `javac` mpya na `java` ya zamani.

Unaweza kuiona namba hiyo kwa macho yako. Chukua faili lolote lililokompailiwa na uandike `xxd -l 8 Salamu.class`:

`00000000: cafe babe 0000 0041`

Baiti nne za kwanza, `cafe babe`, ni alama iliyo mwanzoni mwa kila faili la darasa la Java. Utani wa waundaji wake uliobaki humo. Mbili za mwisho, `0041`, ni 65 kwa hesabu ya msingi wa 16. Faili hili linahitaji Java 21 au ya juu yake. Huwezi kubadilisha Java ya upande wa pili? Kompaili upya kwa `javac --release 17`.

Ya pili kwa umaarufu ni `Could not find or load main class`. Kwanza hakikisha umeandika `java Salamu`, si `java Salamu.class`, kwa kuwa Java hutaka jina la darasa, si jina la faili. Kama jina ni sahihi na faili liko hapohapo, andika `echo $CLASSPATH`, kigeu chenye orodha ya mahali ambapo Java hutafuta madarasa. Maelekezo ya miaka ya nyuma yalipenda kuwaambia watu waweke kigeu hicho, na kikishawekwa, Java haitazami tena folda uliyomo isipokuwa imetajwa humo. Kisipowekwa kabisa, huitazama yenyewe. Andika `unset CLASSPATH`, ujaribu tena, kisha tafuta mstari unaokiweka kwenye `~/.bashrc` au `~/.profile` na uufute.