Siku Nzima ya Kushona Haiji: Tunayoamini Kuhusu Sindano na Uzi, na Yaliyo Kweli

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mafundi wengi wa Mombasa huwa hawapokei kazi tena. Unafika na kitambaa chako mkononi, unaambiwa, "Mama, nimejaa, labda baada ya Idd." Hapo ndipo mtu hukumbuka kwamba nyumbani ana cherehani iliyofunikwa shuka, na kabatini ana doti tatu za leso hazijapindwa tangu mwaka jana. Lakini cherehani haifunuliwi, kwa sababu tumeshajiaminisha mambo kadhaa ambayo si kweli.

"Nikipata siku nzima, nitashona"

Hii ndiyo inayoua kazi nyingi kuliko zote. Siku nzima haiji. Jumamosi ina nguo za kufua, Jumapili ina harusi au msiba, na likizo ina wageni.

Kazi za mkono za pwani hii hazikungoja siku nzima. Itazame kofia ya viua kwa karibu: imejaa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono mpaka kikakaza. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Mshonaji huishika, huiweka, akaishika tena. Mkeka nao ni hivyo hivyo. Ukili husukwa kidogo kidogo huku watu wakizungumza barazani, unakunjwa bunda, na siku ya kuuunga mkeka ni nyingine kabisa.

Mwanzo mzuri ni kupinda leso. Doti mpya huja vipande viwili vimeshikana. Ukishakata katikati, kila leso inabaki na kingo mbili mbichi za kufumuka, zile za upande mfupi. Za upande mrefu zimefumwa, haziguswi. Kwa hiyo doti nzima ni kingo nne, kila ukingo ukiwa kama mita moja na kidogo. Kunja mara mbili, nyembamba, piga pasi, kisha shona kwa mkono. Ukingo mmoja kwa jioni moja. Ukianza Jumatatu, Alhamisi umemaliza doti, na hukuomba ruhusa kwa mtu.

Kinachotumaliza muda si kushona, ni kutafuta. Mkasi uko wapi, uzi wa rangi hii ulikwenda wapi, meza ina vyombo. Mimi nimeitenga kazi hiyo. Kukata nakata siku moja, vitu viwili vitatu kwa pamoja. Asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, natunga uzi kwenye sindano tano na kuzichomeka kwenye kitambaa. Vyote vinaingia kwenye mkeba wa biskuti: sindano, mkasi mdogo, kazi yenyewe imekunjwa. Mkeba unakwenda nami nikimngoja mwanangu nje ya madrasa, na kwenye foleni ya kliniki. Humo ndani naweka pia kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta ya cherehani, maana hewa yetu ya bahari hula sindano, na sindano yenye kutu huacha doa lisilotoka.

Jambo jingine ni mwanga. Mombasa jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na miezi haipishani sana. Kitambaa cheusi baada ya Magharibi kinaumiza macho bure, kwa hiyo buibui la kupunguza liwekee asubuhi. Usiku ni wa vifungo, wa kufumua, wa kitambaa cheupe. Na wakati wa kaskazi, joto likipamba moto, mikono inatoa jasho mpaka uzi unakwama, basi kazi ya sufu na vitambaa vizito iache ingoje kusi. Huo si uvivu.

"Sina wazo, ilhamu ikija nitaanza"

Wazo huja mkono ukiwa umeshagusa kitambaa. Wengi wetu tunalitafuta kwenye simu, tunaangalia picha mia moja za nyumba za watu wa mbali, na tunalala tumechoka bila kushika hata uzi.

Leso yenyewe ni ushahidi. Inavyosimuliwa, wanawake wa pwani katika karne ya 19 walikuwa wakinunua leso za mkononi zilizochapwa, zile ambazo Wareno waliziita lenço, zikiuzwa zimeshikana kama jora. Wakakata sita, wakaziunga safu mbili za tatu tatu, wakapata vazi. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapisha kipande kizima. Majina, yale maneno yanayoandikwa kwenye leso, yakaongezwa baada ya hapo, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Hakuna aliyekaa akangoja wazo la "kanga". Walikuwa na vitambaa vidogo na haja ya kitu kikubwa.

Kwa hiyo badala ya kuuliza nishone nini, uliza nyumbani kumepungua nini. Foronya imechakaa? Mfuko wa kubebea msahafu wa mtoto umechanika? Kisha ukitaka ruwaza, pita Mji wa Kale utazame milango: waridi, mnyororo unaozunguka fremu, nukta zilizopangwa. Chora mnyororo ule mmoja tu kwa penseli kwenye ukingo wa kitambaa cha meza, ufuate kwa uzi. Au simama Biashara Street, mbele ya duka lolote la leso, utazame jinsi pindo linavyokubaliana na mji, yaani sehemu ya katikati ya leso. Kwangu mimi hakuna mwalimu wa rangi kumshinda huyo.

"Leso mpya ikate tu, ushone"

Hapa niliumia. Nilinunua leso nzuri, nyekundu na nyeupe, nikamshonea binti yangu gauni siku hiyo hiyo, likamkaa vizuri kabisa. Baada ya kufuliwa mara moja likapanda juu ya magoti, na nyeupe ikawa waridi.

Leso mpya ina wanga, ndiyo maana inasimama mkononi. Wanga ukitoka, pamba inarudi na kujikaza. Iloweke kwanza, ifue peke yake mpaka maji yawe safi, ianike, ipige pasi, ndipo upime. Halafu, kabla ya mkasi, itandaze sakafuni uone jina litaangukia wapi. Jina likikatika katikati ya neno, gauni zima linaonekana limeharibika, hata kama mishono imenyooka.

"Bila cherehani ya umeme huwezi"

Stima ikipotea, cherehani ya kukanyaga haijui. Na bila hiyo pia, mshono wa mkono unaorudi nyuma nusu hatua kila unapokwenda mbele ni imara, unatosha kuunga bega la gauni. Mwenye cherehani asisahau sindano: pamba ya leso inashoneka kwa namba 14, jinzi ipe 16. Ikianza kuruka mishono, badilisha sindano kabla hujaita fundi.

"Ukijishonea unaokoa pesa"

Si mara zote, na ni vizuri tuambiane ukweli. Sokoni Kongowea kuna gauni la mtumba ambalo bei yake haifiki ya kitambaa, uzi na zipu. Unachopata kwa kushona ni nguo inayokufika, yenye akiba ya kitambaa kwenye upindo ya kuachiliwa mtoto akirefuka. Pesa utaziona ukiununua huo mtumba kama kitambaa: shuka moja ya pamba ni mapazia mawili ya jikoni.

"Hiyo ni kazi ya wanawake"

Zunguka mjini uwahesabu mafundi walioketi nyuma ya cherehani. Wanaume wamejaa. Kofia za viua pia wanaume wanazishona. Mfundishe mvulana wako kushona kifungo.

"Kazi isiyokwisha ni aibu"

Aibu hii hutufanya tusifungue hata kabati. Kila mshonaji ana mfuko wa vilivyobaki njiani. Kimoja kimoja kitolewe kiamuliwe: kinamaliziwa, anapewa mtu, au kinafumuliwa kiwe kitu kingine. Lile gauni jekundu nililifumua mwezi uliopita. Limetoa foronya mbili ndogo, nikaziweka kitandani kwa binti yangu, ua la katikati ya leso likiwa upande anaolalia.