Injini Kuenea Chini ya Boneti Si Mwisho wa Kazi

Wengi Nairobi wanaotamani kufufua Peugeot 504 au Datsun ya zamani nyumbani huamini kwamba injini ya kisasa ikishaenea chini ya boneti, gari limekamilika. Imani hiyo inaeleweka: kuinyanyua injini kwa mnyororo ndiko kunakoonekana kazi kubwa.

Ila tazama njia ya mafuta. Kabureta ya injini ya zamani hutosheka na presha ndogo, chini ya PSI 10 (PSI ni kipimo cha presha). Injini nyingi za petroli zenye injekta, yaani vifaa vya kunyunyizia mafuta, hutaka 40 hivi. Mpira wa mafuta wa zamani uliokauka na kufanya vijinyufa hauwezi kustahimili hayo, na petroli ikirukia ekzosi yenye moto, gari huweza kuwaka. Mimi ningeanzia hapo, kabla hata ya kuwaza rangi. Halafu breki, kwani injini yenye nguvu zaidi huongeza mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nishati ya kuzimwa huwa mara nne.

Kuhakiki hakuhitaji ufundi. Ukinunua mpira Grogan, eneo la vipuri jijini, soma maandishi ubavuni: wa injekta huandikwa 30R9, wa kabureta mara nyingi 30R7. Kisha linganisha namba iliyogongwa kwenye bloku, mwili wa injini, na ile ya hati ya gari. Zikitofautiana, badiliko hilo lisajiliwe.