Korona ilienda, mbona uoga umebaki? Maswali mnayoniuliza

Swali: Ni kawaida mtu mzima kuogopa gonjwa hadi akose usingizi?

Inatokea sana. Tangu kisa cha kwanza kitangazwe Kenya, Machi 13, 2020, kuna watu koo ikiwasha kidogo tu wanajigusa paji la uso usiku kucha. Uoga kidogo ni mzuri, ndio ulikufanya unawe kwa ule mtungi wa mlangoni pa duka. Ukianza kukunyima kula na kazi, hapo umezidi.

Swali: Eti kuna kipimo cha uoga?

Kipo, kilitoka Iran 2020. Maswali 7, kila moja alama 1 hadi 5, kwa hivyo jumla ni 7 hadi 35. Wanauliza kama viganja hutoka jasho ukifikiria korona, kama moyo huenda mbio, vitu kama hivyo.

Swali: Mbona jirani alikuwa sawa na mimi nakufa na wasiwasi?

Hapa ndio penyewe. Virusi ni vile vile lakini maisha si sawa, mtu wa Kilimani mwenye mshahara na chumba cha wageni akiambiwa ajitenge anajitenga, sasa mama wa Mukuru anayefulia watu nguo, wako watano kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, ajitenge wapi, chini ya kitanda? Kafyu ilianza Machi 27 saa moja jioni, saa ile ile muuza mutura ndio anawasha jiko. Huyo anaogopa landilodi kuliko kikohozi. Halafu aibu. Siku moja ndani ya matatu mzee alikohoa mara moja tu, madirisha yote yakafunguliwa na mvua inanyesha, akawa anajitetea "ni vumbi jameni", akashuka stage iliyofuata na alikuwa amelipa hadi mwisho. Ukiona hivyo, wewe ukiugua utasema ama utaficha?

Swali: Kifua kikibana, ni uoga ama ugonjwa?

Uoga pia hubana kifua na kukata pumzi, mara nyingi unapanda ghafla halafu unatulia. Lakini ukiwa na homa, ama maumivu ya kifua hayaachi, usikae nyumbani ukibahatisha, nenda hospitali.

Swali: Sasa nifanye nini?

Habari mara moja kwa siku inatosha, na zile voice note za WhatsApp za "daktari fulani" futa bila kusikiza. Simu ilale mbali na mto. Ukishindwa, piga 1199 ya Red Cross, ni bure, uongee na mtu.