Kwa nini video za sanaa kuhusu wazee huenda taratibu?

Bibi yangu bado hutunga uzi kwenye sindano mwenyewe, barazani kwake Dunda, Bagamoyo. Nilimrekodi kwa simu ili niwatumie wajukuu walio mbali, kisha nikapunguza hadi zikabaki sekunde nane: uzi umepenya. Nilipoirudia ile ndefu ya dakika nne, ndipo nikaona nilichokitupa. Analowesha uzi mdomoni, anakosa tundu, anapumzika. Kivuli kinasogea: ni mama, alikuwa amekaa kwenye njia ya mwanga, kahama bila kuambiwa.

Jibu limo humo. Filamu za kawaida huruka muda wa kusubiri kwa kuwa zinawahi tukio. Uzeeni mambo ni kinyume, kusubiri ndiko kwenye habari: nani yupo pembeni, nani kashika kiwiko, nani anajifanya haoni ili mzee asione haya. Ukikata dakika hizo, umewatoa na hao wote. Kwa hiyo msanii wa video huiacha kamera ikae.

Wengine huurefusha muda wenyewe. Kamera ikichukua picha 300 kwa sekunde, nawe ukazionyesha 25 kwa sekunde, sekunde moja huwa 12. Bill Viola wa Marekani, aliyefariki 2024, alifanya hivyo mwaka 1995 katika The Greeting: wanawake wawili wanazungumza, wa tatu anafika. Sekunde kama 45 zikawa karibu dakika 10, na kila uso unasomeka unavyobadilika.

Kabla ya hapo, katika Nantes Triptych ya 1992, alipanga video tatu bega kwa bega: mwanamke anajifungua, mtu yumo majini, na mama yake mzazi yuko kitandani anakata roho.

Hiyo ya tatu hunipa kazi. Kwetu mgonjwa husitiriwa. Naikubali kwa sababu aliyeshika kamera ni mwana, naye hakuondoka. Angekuwa mpita njia, nisingeitazama.

Basi nikamwonyesha bibi ile ndefu kabla sijaituma. Akaitazama yote, kimya.

“Hiyo futa, mjukuu wangu. Sikuwa nimejitanda.”

Akaingia ndani, akatoka na kanga yake ya Idi, akaketi, akadai sindano. Mama akahama mwenyewe kutoka kwenye mwanga. Safari hii ilichukua dakika sita.